Barua ya wazi kwa vijana wa kiume mnaojiandaa kwenda JKT: kabla hamjashika wembe

Wajukuu zangu,

Mliomaliza kidato cha sita na majina yenu ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) yameshatoka, wa kambi za Ruvu, wa Mafinga, wa Bulombora kule Kigoma, hongereni sana. Najua mko mbioni kutafuta bukta isiyo na zipu, raba na shuka. Mimi ni kinyozi mstaafu wa hapa Morogoro, na ninawaandikia juu ya jambo ambalo mtu akiagwa nyumbani halizungumzwi: kunyoa ndevu kwa wembe na maji bila kujikata wala kuota vipele. Kambini ndevu hazifugwi. Wengi wenu mtashika wembe kwa mara ya kwanza mkiwa huko, alfajiri, giza bado, kipenga kinalia na kioo kinagombewa.

Nyuso nyingi huharibikia hapo. Nimewapokea vijana wengi kwenye kiti changu baada ya mafunzo, wakakamavu, kifua mbele, lakini chini ya taya kumejaa vipele vigumu na madoa meusi ambayo huchukua miezi kufifia. Iliniuma kila mara, kwa sababu karibu yote yale yangezuilika.

Neno langu kubwa ni hili: msinyoe mpaka kidevu kiteleze. Ndevu za wengi wetu zimejikunja tangu ndani ya ngozi. Ukivuta ngozi ikakaza, ukakandamiza wembe na kuupitisha kinyume cha zinakolalia ndevu, unywele hukatwa ukiwa umevutika juu, kisha hurudi chini ya ngozi na ncha kali. Ukianza kuota tena, ile ncha huchoma ngozi kwa ndani badala ya kutoka. Mwingine hutoka vizuri, hujikunja, halafu huzama tena pembeni kidogo. Mwili huuchukulia kama mwiba: huvimba, huwasha, hutunga usaha. Kikague kipele cha namna hiyo dirishani penye mwanga, mara nyingi utaona kijiuzi cheusi kimejipinda chini ya ngozi, ncha imezama. Kwa hiyo ukipitisha kiganja na kuhisi ukwaru kidogo, shukuru, acha hapo. Afande anatazama kwa macho, hapapasi.

Sasa kazi yenyewe. Nyoeni jioni baada ya kuoga, si asubuhi. Ndevu kavu ni ngumu. Zikikaa na maji dakika 2 au 3 hulainika na wembe hauhitaji nguvu. Maji ya uvuguvugu hufanya haraka zaidi, ila hata ya baridi yanafaa mkiyapa muda. Na ngozi iliyonyolewa jioni hupata usiku mzima wa kupumzika kabla ya jasho la mchakamchaka. Jasho la chumvi juu ya ngozi iliyotoka kunyolewa sasa hivi linawaka moto, mtaniambia.

Sabuni ya mche waachieni nguo. Nunueni krimu ya kunyolea au sabuni ya kunyolea na brashi yake. Ikikosekana kabisa, sabuni ya kuogea isiyo kali, ipigwe hadi povu liwe zito, likae usoni dakika nzima kabla ya wembe kugusa.

Wembe wa pande mbili wa dukani kwa Mangi ni mzuri, lakini kamwe msiushike mtupu kwa vidole. Uwekeni kwenye mashine yake ndogo ya kushikia. Ukiitunza utakaa nayo miaka. Vile viwembe vya makali matatu hadi matano vinavyosifiwa kwa ulaini ndivyo vinavyokata unywele chini ya ngozi, yaani kile kile ninachowakataza.

Kabla ya kupaka povu, pitisheni vidole usoni polepole. Upande unaoteleza ndiko ndevu zinakolalia, upande unaokwaruza ni kinyume chake. Mashavuni kwa wengi zinashuka chini. Shingoni ni kazi nyingine kabisa: kuna sehemu zinalala kwa pembeni, kuna sehemu zinapanda juu, na upande wa kushoto haufanani na wa kulia. Kila mtu ana ramani yake, na asiyeijua shingo yake ndiye anayeiharibu. Jifunzeni hili sasa mkiwa nyumbani, penye kioo chenu na nafasi ya kutosha.

Lazeni kichwa cha mashine shavuni, kisha shusheni mpini taratibu mpaka muhisi makali yanagusa ndevu, kama nyuzi 30 hivi. Uzito wa mashine unatosha, mkono uongoze tu. Mapito mafupi, ya sentimita 2 au 3, suuza, endelea. Msivute ngozi. Kwenye kikoromeo, meza mate na usogeze ngozi pembeni kidogo ili unyoe mahali palipo tambarare; hapo na kwenye pembe ya taya ndipo watu wanapojikata. Pito moja linatosha. Anayelazimika kurudia apake povu upya na apite kwa upande, asipande kinyume.

Wembe ukianza kuvuta nywele badala ya kukata, tupeni. Kwa wengi ni baada ya kunyoa mara 3 hadi 5.

Mkijikata, kandamizeni kwa kitambaa safi chenye maji ya baridi kwa dakika chache, au loweka kipande cha shabu, lile jiwe la kuzuia damu, ukipitishe. Majivu na dawa ya meno hapana. Spiriti inaunguza na kukausha ngozi bila kutibu vipele.

Hili la mwisho nawasihi kama babu yenu: usimpe mwenzako wembe, mashine wala shabu yako, hata kama ni rafiki wa kufa na kuzikana. Damu, hata isiyoonekana kwa macho, inaweza kupitisha virusi vya UKIMWI na vya homa ya ini B, na hivi vya ini vinaweza kubaki hai nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi.

Vipele vikishatoka, acheni wembe, msivikamue. Nendeni zahanati ya kambi mkamweleze mganga bila aibu. Huu ni ugonjwa wa ngozi unaojulikana. Hata jeshi la Marekani, ambako askari wengi weusi huupata, kwa miaka mingi lilikuwa likiwapa kibali cha daktari cha kutonyoa hadi kwenye ngozi, kabla ya kukaza masharti mwaka 2025. Msipake zile krimu za mchanganyiko zenye steroidi zinazouzwa kiholela. Zinapoza uvimbe kwa wiki moja, halafu ngozi inakuwa nyembamba na tatizo linarudi kubwa zaidi. Na mwenye keloidi, ambaye kovu lake huvimba kupita jeraha lenyewe, amwone daktari kabla ya kuripoti, asafiri na maelezo yake kwa maandishi.

Anzeni wiki hii, shavu kwanza, shingo muiache mpaka mkono uzoee.

Babu yenu, kinyozi mstaafu,
Morogoro