Barua kwa mwanangu: kuhusu ngoma ya babu yako

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Sisi huku wazima, baridi imeanza kulegea, na mama yako anakusalimu sana. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mpaka mwisho, pamoja na hesabu za jukwaa, spika na yule msanii wa kutoka Dar. Unataka tufanye tamasha la kumkumbuka babu yako pale mtaani. Wazo nimelipenda. Hesabu sijazipenda, na nimeona bora niandike, maana kwenye simu utanikatiza.

Huku North Carolina kuna tamasha la namna hiyo. Mkongomani mmoja ninayefanya naye kazi ndiye aliyenipeleka. Mji wenyewe ni Wilkesboro, mdogo tu, karibu na milima, na kila mwisho wa Aprili watu hufurika kwenye viwanja vya chuo cha pale kwa siku nne. Tamasha linaitwa MerleFest. Merle alikuwa mtoto wa Doc Watson, mpiga gita aliyezaliwa mwaka 1923 sehemu za Deep Gap na kupoteza macho angali mchanga. Gita Merle alifundishwa na mama yake, mwaka 1964, baba akiwa safarini kwenye maonyesho. Mzee kurudi nyumbani, akamkuta kijana keshaanza kulijua. Mwaka huohuo akapanda naye jukwaani. Wakapiga pamoja miaka ishirini na kitu, kijana ndiye dereva, ndiye anayemshika baba mkono. Oktoba 1985 Merle akafa kwa ajali ya trekta, umri wake miaka 36.

Sasa angalia walivyoanza, maana ndiyo sababu ya barua hii. Watu wa chuo hawakuwa na mawazo ya tamasha. Walitaka bustani ya kumkumbuka marehemu, bustani ambayo hata asiyeona ataifaidi, kwa maua ya harufu na majani ya kushika. Wakamwomba mzee apige onyesho la kuchangisha. Akakubali, na waliokuwa wakipiga na Merle nao wakaitwa. Mwaka 1988 hiyo, na jukwaa lilikuwa matrela mawili ya lori. Leo majukwaa yamepita kumi na wanakuja watu wenye majina makubwa, lakini shughuli bado ni ya chuo, na pesa inabaki chuoni.

Mimi majina makubwa hayakunishika sana. Nilichokaa kutazama ni mahema ya pembeni, ambako wasikilizaji wenyewe huja na magita na banjo zao, wakaweka viti duara, wakaanza. Hawajuani. Palikuwa na mzee mmoja wa fidla, vidole vimepinda kwa baridi yabisi, na kijana mdogo aliyekuwa akipotea kila wimbo ukifika sehemu ya kugeuka. Mzee hakumwambia kitu. Kila wakifika pale, anamkodolea macho, anapunguza mwendo kidogo, duara zima linapunguza naye, mpaka mtoto akapita. Nikamkumbuka babu yako, wallahi.

Wewe babu ulimkuta keshachoka. Hukumwona kwenye harusi za Ng'ambo, hapo Unguja mjini, akipiga sanduku, lile besi la kidumbak, ngoma yetu ya harusi: mguu mmoja juu ya sanduku la chai, mkono wa kushoto umeshika mti uliofungwa kamba, anauvuta kamba ikaze, anaulegeza, na mkono wa kulia unaipiga kamba. Hapo kuna fidla inalia, vidumbak viwili, yaani vile vingoma vidogo, cherewa za kutikisa na mkwasa, vijiti vya kugonganisha. Kwenye kidumbak watu humtazama mwimbaji na mpiga fidla, wanawake wanakwenda kutunza huko huko. Mpiga sanduku hatunzwi. Lakini akikosea yeye, wachezaji wote viuno vinakwama, na hapo ndipo watu hugeuka kumtazama.

Kwa hiyo nakuuliza: huyo msanii wa Dar alipiga na babu yako wapi? Atakuja na nyimbo zake kwenye flashi, ataimba nusu saa, ataondoka na boti ya jioni, na pesa yote tumemaliza kwake. Wazee waliopiga na babu wako hai watatu au wanne. Mmoja yuko hapo hapo nyuma ya msikiti, fidla yake haina nyuzi mbili. Anza na yule. Mnunulie nyuzi kabla hujakodi spika.

La shangazi yako. Najua amekwambia kwamba maiti hafanyiwi ngoma, na najua umenuna. Usibishane naye. Khitma ya babu ni khitma, itasomwa siku yake, na pilau lake, na siku hiyo hakuna hata redio. Ngoma iwe siku nyingine, mbali na Ramadhani, na wala usiiite ya marehemu kwenye tangazo. Iite siku ya kidumbak ya mtaa. Kila atakayekuja atajua ni ya nani. Ukienda kumweleza hivyo, nenda umekaa chini, umefunga kanga vizuri, na umwachie yeye achague siku. Akichagua yeye, atapika yeye.

Kisha nenda kwa sheha, kiongozi wa serikali hapo mtaani, kabla ya kwenda Baraza la Sanaa kuomba kibali. Sheha akisikia habari kwa watu wengine kwanza, utazungushwa wiki nzima.

Na hiyo bustani yetu ni ipi? Nimewaza sana. Kaburi tusilijengee kitu, babu mwenyewe alikataza. Nataka kinachopatikana siku hiyo, kiwe kidogo kiwe kikubwa, kiwalipe wale wazee wafundishe watoto wa mtaa mchana wa Jumamosi, sanduku kwanza. Waimbaji hawatakosekana, kila mtoto siku hizi anataka kushika maiki. Wa kushika ule mti ndio hawapo. Sanduku la babu liko uvunguni kwa ami yako; mbao za chini zimeliwa na mchwa, lakini fundi wa milango atazibadilisha. Mwambie asipake vanishi.

Sitaweza kuja mwaka huu, kazini likizo zimeshapangwa. Nirekodi basi, ila usinirekodie mwimbaji peke yake. Simu iweke chini, karibu na sanduku.

Pesa ya nyuzi na chai ya wazee nitaituma kwa shangazi yako, si kwako. Usinune tena.

Baba yako