Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Nawashukuru mliofika. Tupo 16 kati ya 48, akidi imetimia bila hata mmoja wa ziada. Semina mbili na mafunzo ya vijana wa vyuo mnayajua. Ada wamelipa 19. Wanaodaiwa ni 29, wengine tangu mwaka juzi, ila mashine pepe zao (kompyuta za kiprogramu ndani ya seva) zinawaka kwenye seva za chama usiku na mchana.

Sasa suala la hifadhi ya data. Inasemwa pembeni kwamba nilichagua NFS badala ya iSCSI, njia mbili za seva kutumia diski kupitia mtandao, kwa kujiamulia. Kikao cha Machi kiliitishwa, tukafika watano.

Tuna seva tatu za Proxmox, programu ya kuendesha mashine pepe, na boksi moja la diski. Kwa iSCSI, boksi linatoa diski tupu, seva ndiyo inayoipanga. Kwa NFS, boksi lenyewe linasimamia mafaili, na seva zote tatu zinayatumia bila kugongana. Mwaka juzi diski moja ya iSCSI yenye ext4, mpangilio wa mafaili wa kutumiwa na seva moja tu kwa wakati, ilipachikwa kwenye seva mbili kwa pamoja. Kila moja ikaandika ikidhani iko peke yake. Simtaji mhusika, yupo humu. Nilikesha hadi saa kumi alfajiri, tochi nimeibana kwa meno, nikirudisha mashine 11 kutoka nakala rudufu. Sikuona mtu mwingine pale.

Kwa NFS diski ya kila mashine ni faili la aina ya qcow2: unalinakili, unapiga snapshoti (picha ya hali ya mashine, ya kurudia mambo yakiharibika) kabla ya kusasisha. LVM ya kawaida (mfumo wa Linux wa kugawa diski) juu ya iSCSI, kwa toleo tulilonalo, haina snapshoti.

Wanaolalamika kuwa hifadhidata ilikuwa nzito kwenye NFS wana haki, kidogo. Boksi haliitikii mpaka data ifike diskini. Aliyetaka tuweke async, yaani boksi liitikie kabla data haijafika diskini, nilimkatalia: umeme ukikatika, data iliyokwisha kuitikiwa inapotea. Na multipath ya iSCSI, yaani njia zaidi ya moja za kulifikia boksi, ni nzuri, lakini swichi yetu ya mtandao ni moja, ya gigabiti moja. Hata hivyo hifadhidata hiyo niliihamishia iSCSI mwezi Agosti. Hakuna aliyeshukuru.

Matumizi ni Sh 6,400,000: boksi na diski Sh 4,100,000, zilizobaki nyaya, usafiri na chai. Risiti anazo mhazini.

Mwakani, Mungu akipenda, tutatafuta swichi ya gigabiti 10, na pengine SSD (diski za kasi), kama ada zitaingia. Orodha ya wadaiwa imebandikwa mlangoni. Mlioipita mkiingia, mtaisoma mkitoka.