Anayekwenda Japani na familia aandaliwe pia kwa mwisho wa mwaka

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji ili nizungumzie jambo linalowagusa wengi wenye ndugu wanaosoma au kufanya kazi Japani. Kila Desemba inapofika, sisi tunaoishi huko na familia zetu hupigiwa simu nyingi kutoka nyumbani, na swali huwa lile lile: sikukuu zimefika, mbona hamji, na kama hamji, mbona hata picha za Krismasi hatuzioni? Wanaouliza hawana kosa, maana habari za Japani zinazotufikia ni za treni ziendazo kasi, za magari na za maua ya Aprili, ilhali maisha ya ndani ya nyumba hayazungumzwi. Hata vikao vya kuwaaga na kuwaandaa wanaopata ufadhili wa masomo hujaa maelezo ya viza na vyeti, na mke au mume na watoto watakaomfuata baadaye hawatajwi kabisa. Hoja yangu ni kwamba majuma mawili ya kufunga na kufungua mwaka huijaribu familia ya mgeni kuliko wakati mwingine wowote, na anayekwenda anastahili kuambiwa hivyo kabla hajapanda ndege.

Ninaishi na mke wangu na watoto wetu wawili katika mji wa Nagaoka, mkoa wa Niigata. Nautaja mji kwa sababu Japani ya majira ya baridi si moja. Tokyo wakati huo huwa kavu na yenye jua, lakini upande wetu hupokea upepo wa Siberia uliobeba unyevu wa Bahari ya Japani, na upepo huo ukigonga milima huumwaga unyevu wote kuwa theluji. Mtu anayeambiwa tu kwamba Japani kuna baridi hajaambiwa kitu.

Krismasi, kwanza, si siku ya mapumziko. Tarehe 25 Desemba ofisi ziko wazi, viwanda vinafanya kazi, nami huingia kazini kama siku nyingine yoyote. Maduka hupambwa tangu Novemba na nyimbo hupigwa hadi mtu azichoke, lakini Wakristo ni kama asilimia 1 tu ya watu wa nchi hii, na usiku wa tarehe 24 umekuwa wa wapenzi kwenda kula nje na wa wazazi kuwanunulia watoto keki nyeupe ya krimu na stroberi. Kuku wa kukaanga naye ana kisa chake: tangu kampeni ya matangazo ya KFC ya mwaka 1974, familia nyingi huweka oda ya kuku mapema, na jioni hiyo foleni hutoka nje ya mlango. Ikifika asubuhi ya tarehe 26 mapambo yote yameshushwa, na mahali pake pamewekwa misonobari na mianzi ya Mwaka Mpya. Watoto wetu hawaoni ajabu yoyote katika hayo; sisi wazazi ndio tunaoona. Kanisani kwetu, ambako Wafilipino na Wavietnamu ni wengi kuliko wenyeji, misa husomwa jioni ya tarehe 24 watu wakishatoka kazini, kisha kila familia hufunua chakula ilichokuja nacho. Kwetu saa hizo chache ndizo Krismasi yenyewe.

Sikukuu kubwa ni Mwaka Mpya, na hapo ndipo mgeni hushtukizwa. Ofisi za serikali hufungwa kuanzia tarehe 29 Desemba hadi tarehe 3 Januari, zikiwamo za uhamiaji, kwa hiyo mwenye kadi ya ukaazi inayokaribia kuisha muda wake asisubiri siku za mwisho. Madirisha ya benki hufungwa tarehe 31 hadi tarehe 3. Takataka nazo, ambazo kwa kawaida hutenganishwa na kutolewa kwa siku maalumu, husimama kuzolewa kwa siku kadhaa, na huu ndio wakati kila nyumba inafanya usafi mkubwa wa mwaka: feni ya jikoni hufunguliwa na kusuguliwa mafuta yaliyoganda, nyavu za madirisha huoshwa, makabati husogezwa. Familia iliyokosa kusoma kalenda ya taka itauanza mwaka na mifuko imejaa kibarazani.

Anayeuliza kwa nini hatuji nyumbani sasa ameona sehemu ya jibu. Mapumziko ya mfanyakazi wa kawaida ni takriban wiki moja, hakuna ndege ya moja kwa moja kutoka Japani hadi Dar es Salaam wala Nairobi, na nauli za siku hizo hupanda kwa sababu Wajapani wenyewe wanasafiri. Bonasi ya Desemba, ambayo ndugu zetu wameshaijua vizuri kuliko tulivyotaka, hupewa mwajiriwa wa kudumu, mwanafunzi haipati.

Sasa niseme juu ya baridi ya ndani, kwa kuwa ya nje kila mtu anaitarajia. Nyumba nyingi za Japani, ukiacha zile za kisiwa cha kaskazini cha Hokkaido, hazipashwi joto nyumba nzima. Mnapasha chumba mnachokikalia, na mkitoka kwenda chooni mnapita kwenye korido yenye baridi karibu sawa na ya nje. Sisi tunatumia hita ya mafuta ya taa, ambayo mafuta yake huwekwa katika dumu jekundu la lita 18 na kununuliwa kituo cha mafuta au kwa gari linalopita mitaani likipiga muziki. Hita ya namna hii hujizima yenyewe baada ya muda wa saa tatu usipobonyeza kitufe cha kuendelea, na kabla ya kuzima hulia. Mtoto wetu mdogo hukurupuka toka chini ya mfarishi akaibonyeza, kisha akarudi mbio. Mfarishi huo umefunika meza fupi yenye hita ndogo chini yake, ambayo wenyeji huiita kotatsu, na mchana kutwa wa likizo familia nzima huwa imeingiza miguu humo, mmoja akimenya machungwa, mwingine akifanya kazi za shule. Mgeni lazima aelezwe kwamba chumba chenye hita ya mafuta kinahitaji kufunguliwa dirisha kwa dakika chache kila saa, hata kama nje theluji inaanguka, kwa sababu hewa ya kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi na inaua. Hilo halimo katika kijitabu chochote tulichopewa kabla ya kusafiri.

Theluji ikiwa nzito, mtaa mzima huwa nje na koleo kabla hakujapambazuka vizuri. Barabara za Nagaoka zina mabomba katikati ya lami yanayorusha maji ya chini ya ardhi ili theluji iyeyuke, ufundi ulioanzia mji huu huu mwanzoni mwa miaka ya 1960, na madini ya chuma yaliyomo majini yamezitia barabara rangi ya kutu. Mtembea kwa miguu asipovaa buti ndefu za mpira hufika aendako amelowa hadi magotini. Kuna adabu yake pia katika kuzoa: theluji yako huitupi mbele ya nyumba ya mwenzako, wala huiachi pale gari la zimamoto litakapopita. Sisi tulielekezwa na mzee jirani ambaye kwa miezi tulikuwa tumesalimiana naye kwa kuinamiana tu, na nadhani koleo ndilo lililotufahamisha naye.

Usiku wa tarehe 31 watu hula tambi za soba, husikiliza kipindi cha nyimbo cha shirika la utangazaji la NHK ambacho kimekuwapo tangu mwaka 1951, na usiku wa manane kengele za mahekalu ya Kibudha hupigwa mara 108. Halafu milango hufungwa. Siku tatu za mwanzo ni za jamaa: watoto wote waliohamia Tokyo wamerudi kwa wazazi, chakula kimepangwa katika visanduku vya ghorofa, na kila babu na shangazi anawapa watoto fedha katika vibahasha vidogo, noti zikiwa mpya. Ni sikukuu nzuri, nasema bila kusita, na utulivu wake ungetufaa hata sisi tunaopokea mwaka kwa kelele. Lakini ni sikukuu ya mwenye babu karibu. Shule inapofunguliwa watoto huulizana nani amepata kiasi gani, na mtoto asiye na jamaa mjini hana la kusema. Mke wangu ameamua vibahasha vitoke kwetu, na kingine kiandikwe jina la bibi aliyeko nyumbani, kwa makubaliano ya simu. Simu yenyewe hupigwa saa kumi na mbili asubuhi ya tarehe 1, kwa kuwa saa hiyo ndiyo saa sita ya usiku Afrika Mashariki, na watoto hutoa shikamoo zao wakiwa bado na usingizi. Ndugu mnaotaka kutusaidia, tusaidieni kwa simu hiyo; kama mtu ataiacha ipite kwa sababu ya kelele za mkesha, ajue kuna mtu ameamkia simu hiyo gizani.

Mchana wa tarehe 2 na 3 televisheni huonyesha mbio za kupokezana za vyuo vikuu kutoka Tokyo hadi Hakone na kurudi, mbio zilizoanza mwaka 1920, na huo ndio wakati pekee wa sikukuu ambapo watoto wetu wanaona Mwafrika akishangiliwa na nchi nzima. Tangu Joseph Otwori alipokimbilia chuo cha Yamanashi Gakuin mwaka 1989, wanafunzi kutoka Kenya wamekuwa sehemu ya mbio hizo, ingawa kanuni zinaruhusu kila timu kumkimbiza mgeni mmoja tu. Mtoto wetu mkubwa ana maoni makali sana juu ya kanuni hiyo. Baada ya hapo hurudishwa kwenye kazi ya likizo, ambayo ni kuandika maneno ya Mwaka Mpya kwa brashi na wino kwenye karatasi ndefu. Karatasi hutandazwa sakafuni juu ya magazeti ya zamani, mtoto hupiga magoti na kushika pumzi, na sisi wazazi tusioujua mwandiko huo hatuna msaada zaidi ya kuuweka wino mbali na miguu.

Siwezi kuiacha Januari mosi ya mwaka 2024. Saa kumi na dakika kumi jioni, familia zikiwa zimekusanyika, rasi ya Noto, kwenye pwani hii hii ya Bahari ya Japani, ilipigwa na tetemeko la ardhi lenye ukubwa wa 7.6, na mkoa wetu wa Niigata ulitikiswa kwa nguvu. Simu zote zililia kwa pamoja, na mtangazaji wa NHK alipaza sauti akiwataka watu wa pwani wakimbie mara moja kwa hatari ya tsunami. Familia isiyojua Kijapani cha kutosha, isiyojua kama kimbilio la mtaa wake ni shule ipi, na ambayo siku hiyo haina ofisi ya kuuliza, ingefanya nini? Kimbilio hilo mtu anapaswa kulifahamu wiki ile ile anayohamia, akalitembelee kwa miguu pamoja na watoto. Vivyo hivyo kwa ugonjwa: mafua makali ya msimu huenea shuleni, zahanati za kawaida zimefungwa, na homa ya mtoto haifuati kalenda. Iko namba ya simu ya ushauri juu ya watoto wagonjwa, #8000, na miji huweka zamu ya daktari kwa siku za sikukuu. Mzazi azibandike habari hizo ukutani mapema.

Ninachoomba, Ndugu Mhariri, hakihitaji bajeti kubwa. Wapo wengi waliorudi kutoka masomoni Japani, wakiwamo wa ABE, mpango wa masomo na mafunzo kazini kwa vijana wa Afrika uliotangazwa Yokohama mwaka 2013 kwenye TICAD, mkutano wa Japani na Afrika kuhusu maendeleo, na wengine wa ufadhili wa serikali ya Japani, na baadhi yao waliishi huko na wenza na watoto. Wanaosimamia maandalizi ya wasafiri wawaalike hao, tena wawaalike pamoja na wake na waume zao, wazungumze na familia zinazobaki zikisubiri viza: hita inavyotumika, taka, kadi ya ukaazi, kimbilio, namba ya daktari, nguo za kununua Japani badala ya kubeba makoti mepesi kutoka nyumbani. Kikao hicho kifanyike kabla ya Agosti, maana anayefika Niigata Septemba ana takriban miezi mitatu tu kabla ya theluji ya kwanza.

Mzazi Mtanzania,
Nagaoka, Japani