Barua kwa Ami kutoka Maskati: Boti Iliyokodiwa Nzima

Ami yangu mpenzi,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Ama baada ya salamu, sisi huku hatujambo, watoto wanasoma, na joto tumeshalizoea. Ujumbe wako aliouandika Maryam kwa niaba yako umenifika, nami nimeona ni heri nikujibu kwa barua kamili, kwani maneno ya simu hukatika katikati na kila mmoja akabaki na kile alichotaka kukisikia.

Umeniomba fedha za mashine ya pili ya boti, na umeeleza kwamba mtu hawezi kuwapeleka wageni kisiwani Changuu na kwenye fungu la mchanga la Nakupenda kwa mashine moja kila siku bila ya kuwa na wasiwasi. Hapo sina ubishi na wewe. Mashine moja ikizima kwenye mkondo, kilichobaki ni kasia na dua. Fedha zitakuja, inshallah. Lakini kabla hatujafika kwenye mashine, Ami, kuna jambo la mwaka jana ambalo mimi bado halijanitoka moyoni, na wewe kwenye ujumbe wako umelipita kama halikuwapo.

Wageni wale niliowaleta, mdogo wake tajiri yangu na mkewe na binti zake, walikodi boti nzima kwa nusu siku. Hawakununua viti. Walilipa boti, kuanzia omo mpaka tezi, wawe wao tu pamoja na nahodha na baharia mmoja, nami ndiye niliyewahakikishia hivyo kwa kinywa changu. Walipofika pwani ya Shangani, ndugu yangu Suleiman akawapandisha vijana wawili wa Kizungu aliowaokota palepale mchangani, kwa dola 20 kila mmoja, akawaambia wale mabinti wasogee kidogo. Vijana wale hawana kosa, walilipa wakapanda, na hawajafika Bawe wameshavua mashati wamejilaza omoni kama ilivyo ada yao. Mama na mabinti zake wakamaliza safari yao yote wamekaa chini ya turubai wakitazama nyuma, na bahari ya Nakupenda waliyoifuata kwa ndege hawakuitia hata mguu.

Yule bwana hakukwambia neno. Alilipa, akatoa na bakshishi, akaaga kwa adabu. Huku Maskati ndiko alikokisimulia kisa hicho, barazani, mbele ya watu, na mimi nimekaa pale pale na kikombe cha kahawa mkononi.

Maryam ameniandikia kwamba wewe unamtetea Suleiman kwa kusema nafasi zilikuwa wazi, na nafasi ikienda tupu ni hasara. Ami, kwa heshima zako zote, hapo ndipo tunapopishana. Nafasi zile hazikuwa wazi, zilikuwa zimeshanunuliwa ili zikae tupu. Mtu akikodi chumba chako kwa usiku mmoja, humlazi mgeni mwingine miguuni pake kwa sababu kitanda ni kipana. Wenye familia, na hasa watu wa huku, hawakodi boti ya peke yao kwa ajili ya fahari. Wanalipia sitara, ili mke na binti waweze kuingia majini na nguo zao bila ya macho ya watu, bibi kizee apate kujinyoosha, na watoto wapige kelele bila ya kumuomba mtu radhi. Ukiwaondolea hilo, umewauzia safari ya dola 20 kwa bei ya boti nzima. Dola 40 za Suleiman zimetugharimu wageni ambao wangekuja msimu mzima, kwani katika baraza ile walikuwapo watu wengine wanaokuja Unguja kila mwaka, na kila mmoja ana jamaa zake.

Usidhani nayasema haya kwa kuwa nimekaa mbali nikasahau ugumu wa pwani. Mwezi wa 11 uliopita mimi mwenyewe nilikodi boti ya nusu siku hapa, kwa fedha zangu, wala sikualikwa na mtu, nikawachukua wanangu na familia ya Msellem hadi visiwa vya Daymaniyat. Visiwa vyenyewe ni tisa, wamevihifadhi tangu 1996, na kuanzia mwezi wa 5 mpaka mwisho wa mwezi wa 10 hairuhusiwi kushuka ufukweni kwa ajili ya kasa na ndege wanaotaga. Nahodha alikuwa na majina yetu kwenye karatasi. Alituhesabu, akamvalisha kila mtoto boya la kimo chake, akatuonesha maji ya kunywa yalipo, kisha akang'oa nanga. Nafasi zilibaki, tena nyingi, na watu walikuwa wamesimama gatini. Hakumwita mtu. Tuliona kasa wakubwa, matumbawe mazuri, na watoto mpaka leo wanayahadithia. Lakini Ami, ukitoka majini unakutana na majabali makavu yanayochoma macho, hapana mnazi wala mkandaa, na mimi nilikaa ubavuni mwa boti nikitamani dafu mpaka Msellem akanicheka.

Sasa sikiliza. Tajiri mwenyewe anakuja Unguja, mwezi wa kwanza, skuli za huku zikiwa zimefungwa. Baada ya kisa cha mdogo wake alikuwa anataka kukodi kupitia hoteli, na mimi ndiye niliyemzuia nikamwambia boti yetu ipo na safari hii naidhamini mimi. Anakuja na mkewe, watoto, na mama yake, Bi Thureya, ambaye ni mzaliwa wa Malindi na aliondoka akiwa msichana. Kiswahili chake, ukikisikia, utadhani hajatoka Mjini hata siku moja. Nilipokwenda kumwamkia aliniuliza habari za Beit el Ajaib, na ikanibidi nimwambie kwamba mnara wa saa ulianguka mwezi wa 12 mwaka 2020 pamoja na upande wa jengo. Alinyamaza, kisha akasema anataka kuuona mji kutokea baharini, hivyo hivyo ulivyo. Kwa hiyo wakati wa kurudi usikimbilie pwani. Ipitishe boti taratibu mbele ya Forodhani, na umwache atazame mpaka atosheke.

Kuhusu siku, tajiri alikuwa ameshachagua yake, nikaitazama kalenda ya mwezi nikaona inaangukia maji mafu, maji yanajaa asubuhi na fungu halitakuwa na upana wa kuchezea watoto. Nikamwambia asogeze mpaka siku ya pili ya mwezi mwandamo, bamvua, ili maji yatoke kabisa baina ya saa 4 na saa 5 asubuhi na Nakupenda iwe imeanuka vizuri mapema. Akashangaa kwamba msimamizi wake wa ghala anayajua maji kuliko watu wa hoteli. Nikamwambia mimi ni mtoto wa pwani. (Usimamizi wa ghala nimepewa tangu baada ya Idi, sikuwahi kukuandikia. Watu wote wa zamu ya usiku sasa wako chini yangu.)

Wewe ndiye mwenye bahari, Ami, na siwezi kukufundisha njia. Naomba tu tusiwashindilie. Nusu siku ni nusu siku, na mabaharia wengi siku hizi wanataka kumwonesha mgeni Changuu, Nakupenda, Bawe, Pange na Chapwani kwa saa tano, mgeni akarudi amechoka na hakukaa mahali. Mtoke saa 2, Changuu iwe ya kwanza kabla maji hayajakauka mbele ya ufukwe, kwani Bi Thureya magoti yanamsumbua na hawezi kutembea kwenye maji na mawe. Anataka kuwaona kobe. Anasema alipelekwa huko na baba yake akiwa mdogo, na wale waliotoka Shelisheli mwaka 1919 walikuwa wakubwa tayari. Kutoka hapo mwende Nakupenda, mtie nanga upande ulio mbali na boti nyingine, mtundike lile turubai la pembeni, na nyinyi mkae upande wa pili mpaka mtakapoitwa. Maji yakianza kujaa, watoto na baba yao wapelekwe Pange wakatazame samaki kwa miwani, na saa 7 muwe mmesharudi, kabla kaskazi haijachachamaa. Wakipita Chapwani mwoneshe tajiri kwa mbali tu. Anapenda mambo ya vita, na makaburi ya wale mabaharia wa Pegasus, meli ya Kiingereza iliyozamishwa na Wajerumani mwezi wa 9 mwaka 1914, atafurahi kuyasikia. Chumbe isitajwe kabisa, kwani haiendwi bila ya kupanga na wenyewe mapema, na akiisikia ataitaka.

Chakula msijisumbue nacho. Hakuna haja ya moto wa kuchoma kamba na ngisi kwa safari ya asubuhi, moshi wote unawaingia watu machoni. Madafu, maembe, shokishoki kama zipo, nanasi lililomenywa nyumbani na si mchangani, na mandazi ya Bi Zuhura yenye iliki kwa ajili ya yule bibi. Maji ya kunywa yawe mengi na yawe baridi. Kiingilio cha Changuu mlipe nyinyi, kwani nimeshakiingiza katika bei. Sitaki tajiri afike kule aambiwe atoe fedha nyingine.

Na hadithi za Suleiman za Changuu ziachwe. Mdogo wake tajiri aliambiwa kwamba ndani ya ile jela ya kisiwani walifungwa mamia ya watu kwa minyororo, akaenda kusoma, akakuta jengo lilijengwa mwaka 1893 chini ya Jenerali Lloyd Mathews na halikupata kufungiwa mfungwa hata mmoja, likageuzwa karantini ya wagonjwa waliotoka melini. Hilo nalo alilisema barazani.

Hivyo nakuomba, Ami, siku hiyo Suleiman abaki nchi kavu. Ni ndugu yangu, tumelala mkeka mmoja, na sina nia ya kumnyima riziki. Ujira wake wa siku nitamlipa mimi, kamili, akae nyumbani au aende mpirani. Boti iendeshwe na wewe na Juma, basi. Papasi yeyote wa Shangani, hao wanaowatafutia watalii boti, akisogea na mteja wake, umwambie boti imekodiwa, hata kama anaona viti vitupu, hata kama ni mtoto wa nani.

Nimesikia pia maneno aliyomwambia Maryam, kwamba aliye mbali hana sauti katika boti ya ukoo. Maneno hayo yameniuma kuliko nilivyotarajia. Ubao wa Subira, boti yetu hii, ni wa Babu, warithi tunajulikana, na mimi sijadai fungu langu tangu Baba afariki, wala sitadai. Lakini mashine iliyo nyuma yake niliinunua mimi, risiti ninayo, na maboya yale ya mwanzo pia. Sisi watu wa Unguja, baada ya meli kuzama 2011 pale Nungwi na 2012 karibu na Chumbe, hatuhitaji kuhubiriwa kuhusu chombo kilichopakiwa kupita kiasi. Sasa Suleiman akiwapandisha watu wawili ambao hawana boya, kwa kuwa maboya yalihesabiwa kwa familia moja, anataka aliye mbali anyamaze mpaka lini?

Fedha nitazituma mafungu mawili. La kwanza analichukua Msellem anayekuja likizo mwisho wa mwezi huu: ni la maboya mapya kumi na mbili, manne yawe ya watoto, la turubai lenye mapazia ya pembeni, na la ngazi ya mbao yenye mshikio ambayo Bi Thureya ataweza kuipanda bila ya kubebwa. Usimwache mtu ambebe. Amenitahadharisha mwenyewe kwamba akibebwa kama gunia la karafuu hatoingia botini. La pili ni la mashine, ile ya nguvu za farasi 40 uliyoitaja, na litafuata safari hii ikimalizika salama. Usilichukulie kuwa ni sharti baina yangu na wewe, Ami. Mimi siwezi kumwekea sharti mtu aliyenifundisha kuogelea. Lichukulie kuwa ni baina yangu na Suleiman, na umfikishie kwa maneno yako, kwani yangu yatakuwa makali.

Msalimie Bi Zuhura, umwambie dawa ya miguu aliyoniagiza nimeipata na Msellem anayo. Mama mwambie nitampigia baada ya Isha. Juma na wanawe, Maryam, na wote wanaouliza habari zangu, wasalimie sana.

Nijibu kabla ya Alkhamisi kama siku ya pili ya mwezi mwandamo unaiweza, kwani Ijumaa nitakutana na tajiri msikitini na ataniuliza, nami nimpe jibu moja.

Ni mimi mwanao,
Nassor