Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2022

Ndugu wanachama wa chama hiki kinachoandika madaftarini majina ya Warundi waliouawa, wa kabila lolote, assalaam aleikum, Tumsifu Yesu Kristo, na kwa wenzetu waliovuka mpaka wa Manyovu kutoka Burundi juzi ili kuwahi mkutano huu, amahoro.

Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina. Mimi nitasema tu kwamba ada zimelipwa vizuri kuliko mwaka jana, na kwamba sehemu kubwa ya fedha imekwenda kwenye nauli: ya Rumonge, ya Bujumbura, na ya makazi ya Warundi ya Katumba na Mishamo. Wanaoyakumbuka majina tunayoyatafuta wengi ni wazee wasioweza kusafiri, kwa hiyo lazima tuwafuate. Watatu kati yao wamefariki mwaka huu kabla hatujafika.

Aprili 29 ilitimia miaka 50 tangu Ikiza, mauaji ya mwaka 1972 nchini Burundi. Tulikesha Ujiji tukisoma majina kuanzia saa mbili usiku, na kulipokucha tulikuwa bado kwenye daftari la pili. Asubuhi ile vijana kadhaa walinijia. Wengine hawakujua kwamba waliokufa kwanza Rumonge na Nyanza-Lac walikuwa Watutsi, waliouawa na waasi wa Kihutu katika siku zile za mwanzo. Wengine, waliolelewa katika nyumba za upande wa pili, hawakujua kilichofuata: kwamba kwa miezi kadhaa serikali ya Rais Michel Micombero iliwakusanya na kuwaua Wahutu wenye elimu kwa orodha, walimu, wauguzi, makarani, mapadri, wanajeshi, wanafunzi wa sekondari na wa chuo kikuu, na wakulima wengi pamoja nao. Makadirio ya waliouawa ni kati ya watu 100,000 na 300,000. Kila kijana alikuwa na nusu yake ya habari, na kila mmoja alidhani anayo yote.

Baba yangu alikuwa mwalimu. Gari lilifika shuleni saa nne asubuhi, likasomwa jina lake, naye akampa mtoto wa dawati la mbele funguo za kabati la vitabu ampelekee mama. Alidhani atarudi jioni. Mama alitoka na funguo hizo usiku, tukapanda mtumbwi tukapita kando kando ya ziwa hadi Kagunga, na alikufa akiwa nazo. Katika daftari la Rumonge jina la baba limefuatana na la muuza mawese mmoja, Mtutsi, jirani yetu, aliyeuawa na waasi kabla ya baba kuchukuliwa. Mjukuu wake ni mwanachama mwenzetu na ameketi ukumbini hapa. Mimi na yeye ndio tulioandika mistari ile miwili.

Nimelieleza hilo kwa sababu linahusu mgogoro mkubwa wa mwaka wetu. Mwezi Juni kamati ilipokea barua yenye saini za wanachama 19, ikitaka kila daftari liongezwe safu moja: kabila.

Nataka niwatendee haki walioandika barua ile, maana si watu wa chuki. Hoja yao ni kwamba watu hawa hawakufa kwa radi. Waliuawa kwa kuwa Wahutu, au kwa kuwa Watutsi, na kuacha kulitaja hilo ni kumsaidia muuaji. Walikumbusha, na ni kweli, kwamba chini ya Jean-Baptiste Bagaza, aliyetwaa madaraka mwaka 1976, ilikuwa mwiko kutamka hadharani neno Mhutu au Mtutsi. Tuliambiwa sisi sote ni Warundi, basi. Aliyeuliza mbona maofisa wa jeshi karibu wote ni wa kabila moja ndiye aliyeitwa mkabila. Ukimya ule ulikuwa silaha kama silaha nyingine, na mwaka 1988, pale Ntega na Marangara, kaskazini mwa Burundi, ulipasuka kwa damu.

Hoja hiyo ilinikosesha usingizi. Sikuwa na jibu mpaka kikao cha Julai, alipozungumza mama mmoja Mtwa, wa kabila la tatu na dogo kuliko yote la Burundi, kutoka upande wa Gitega. Alisema ndugu zake waliuawa kwa awamu mbili, mara ya kwanza wakiitwa watumwa wa hawa, mara ya pili wakiitwa wapelelezi wa wale. Akauliza, "Safu yenu itawaandika kama nani?" Baada yake akasimama kijana wa Buyenzi, mtaa wa Bujumbura, baba Mtutsi, mama Mhutu, bibi mzaa mama Mmanyema. Mwezi Machi 1995, wanamgambo walipoingia Bwiza na Buyenzi, kaka yake aliulizwa swali hilo hilo la safu mlangoni kwao, na hakuweza kujibu upesi.

Kamati ikapiga kura. Nilikuwa miongoni mwa waliokataa safu, tukashinda kwa kura 2 tu. Lakini tuliongeza jambo ambalo naliomba mkutano uliidhinishe leo: chini ya kila jina kuwe na nafasi ya maneno ya familia, yaandikwe kama yalivyosemwa. Familia ikisema "aliuawa kwa kuwa Mhutu", ndivyo itakavyoandikwa, bila karani kulainisha. Familia ikitaka kusema tu kwamba alipenda kuvua samaki wa mikeke, hayo pia yataandikwa. Aliyefiwa ndiye mwenye haki ya kumweleza marehemu wake. Safu yetu sisi ingekuwa ni mkono mwingine unaowapanga watu mafungu, na baba yangu alikwishapangwa mara moja.

Nimeulizwa mbona basi naunga mkono mgao wa nafasi za uongozi na jeshi kwa makabila uliotokana na Mkataba wa amani wa Arusha. Naam, nauunga mkono, na sioni mgongano. Mkataba wa Agosti 28, 2000, alioupigania Mwalimu Nyerere mpaka kifo chake na kukamilishwa na Mzee Mandela, uliikuta nchi ambayo jeshi lilikuwa ndilo dola. Marais watatu wa kijeshi, Micombero, Bagaza na Pierre Buyoya, wote walitoka tarafa moja ya Rutovu, mkoa wa Bururi. Melchior Ndadaye, Mhutu, alipochaguliwa na wananchi kuwa rais mwezi Juni 1993, askari walimwua Oktoba 21, siku 103 baada ya kuapishwa. Kilichofuata mnakijua. Watutsi walichinjwa vilimani, wanafunzi wakateketezwa kwa moto Kibimba, jeshi nalo likalipiza kwa Wahutu, na vita vilivyoendelea hadi miaka ya 2000 vikaua watu wapatao 300,000. Kwa hiyo Katiba ya 2005 ilipotamka kwamba kabila lolote lisizidi nusu ya jeshi, serikali na Bunge viwe asilimia 60 Wahutu kwa 40 Watutsi, Seneti nusu kwa nusu na Batwa wapate viti 3 Bungeni, ilimwondolea mkulima hofu ya kuuliza nani ameshika bunduki usiku huu. Watutsi wa kawaida wa vilimani, ambao serikali za kijeshi hazikuwahi kuwauliza lolote ingawa zilitawala kwa jina lao, nao walipata kinga.

Katiba ya 2018 imeipa Seneti kazi ya kupima ndani ya miaka 5 kama migao hiyo iendelee au ikome. Muda huo unayoyoma. Naomba mkutano uunde kamati ndogo iandike maoni yetu kabla ya mwezi Machi, na naomba Mtwa awemo, maana viti 3 vile ndivyo rahisi zaidi kufutwa.

Kuhusu Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Burundi. Mwaka 2020 makaburi ya Karusi, kando ya mto Ruvubu, yalipofukuliwa, yalitoa mabaki ya watu zaidi ya 6,000, na miwani na rozari zao. Desemba 2021 Tume ilitamka mbele ya Bunge kwamba yaliyowapata Wahutu mwaka 1972 ni mauaji ya kimbari. Siku hiyo nililia, sitaficha. Lakini Tume hiyo hiyo ina jukumu linaloanzia 1885 hadi 2008, na wenzetu waliofiwa mwaka 1993, au katika mauaji ya Watutsi ya Bugendana 1996, wanauliza zamu yao itafika lini. Tumewaandikia Tume barua mbili kwa niaba yao. Hatujajibiwa. Tutaandika ya tatu.

Sasa kosa langu. Kwenye mkutano wa Machi nilisoma kwa sauti ushuhuda wa mama mmoja juu ya yaliyompata katika kambi walikokusanywa wakulima wakati wa vita. Alikuwa ameturuhusu kuandika, si kusoma. Alitoka ukumbini nami nikaendelea kusoma. Nimekwenda kwake mara mbili, amenisamehe kwa maneno, ila hajarudi chamani. Tangu hapo kila ushuhuda unahitaji ridhaa mbili tofauti, ya kuandika na ya kusomwa, na mwenyewe anaweza kuiondoa yoyote wakati wowote. Majina ya watuhumiwa hayaingii daftarini kabisa. Yanafungwa katika bahasha, yakisubiri mahakama, kwa kuwa anayetuhumiwa naye ana haki ya kusikilizwa, na kwa kuwa watoto wake wanaishi mitaa ile ile na watoto wetu.

Madaftari sasa ni 5. Tutayasoma tena Aprili 29 na Oktoba 21, siku zote mbili, sote pamoja. Dada aliyekuwa akiandika la Nyanza-Lac amehamia Mpanda. Anahitajika mtu mwenye mwandiko unaosomeka, anayejua Kirundi na Kiswahili, na asiye na haraka. Aliye tayari anione baada ya chai.