Kuhusu hicho kifungua kinywa

Houston, Jumapili usiku

Shoga yangu Rehema,

Salamu nyingi. Sisi wazima, mafua tu ya watoto. Nilitaka nikuandikie tangu Idi, siku zikanipita, ila leo Mama Salma kanipigia. Anasema mnampeleka Bi Mkubwa Disney World, vile viwanja vya burudani vya Florida, mwezi wa 12, mtalala Jambo House, hoteli ya mle mle, na kifungua kinywa mmekiweka saa mbili asubuhi hoteli ya Contemporary. Rehema, hapo ndipo usingizi uliponiruka.

Mabasi ya mle ni bure, lakini hayaendi hoteli hadi hoteli. Mtapanda la Magic Kingdom, kiwanja chao kilicho karibu na Contemporary, mshuke, halafu mtembee kama dakika 10. Sisi hatukulijua hilo. Tulitoka chumbani zimebaki dakika 40, tukafika tumechelewa, mwanangu analia mpaka kwikwi. Pale ni pakubwa mno, kama kilomita za mraba 100, usidanganyike na ramani.

Na yale magoti ya Bi Mkubwa? Mtafutieni kiti cha magurudumu, asione haya. Mabasi yana njia ya kupandishia viti, na wenye viti hupakiwa kwanza. Kigari cha mtoto lakini lazima mkikunje, hata kama kalala.

Gari msikodi. Wanaokwenda Magic Kingdom na magari yao huyaacha ng'ambo ya ziwa, wavuke tena kwa feri au treni. Basi litawashusha karibu na geti, na kwa magoti yale hiyo ni neema.

Animal Kingdom, kiwanja chao cha wanyama, ni jirani zenu, mtapanda basi tu, si safari ndefu. Mfikisheni Harambe, kijiji walichokijenga kwa kuiga Lamu. Mtu aliyeolewa Lamu! Natamani niuone uso wake. Na akisikia hoteli yenu ina sehemu nyingine inaitwa Kidani, atauliza kinauzwa bei gani.

Narudi palepale: asubuhi hiyo chukueni teksi, moja kwa moja hadi mlangoni. Au kisogezeni hadi saa nne. Kama ni basi, tokeni dakika 90 kabla, tena mapema zaidi akiwa na kiti.

Mmeshalipia? Wanaruhusu kubadilisha saa? Bi Mkubwa anatua tarehe ngapi, na nani anamleta? Dawa zake za presha kafungasha za kutosha? Na kanga zangu, umemkumbusha?

Wako,
Mwanaidi