Mwanangu, Hii Ndiyo Timu Ninayokwenda Kuitazama

Mwanangu mpenzi,

Ama baada ya salamu, natumaini bibi yako na wote hapo nyumbani Tanga ni wazima. Nakuandikia barua ndefu kwa sababu jambo lenyewe haliishi kwenye simu. Wiki iliyopita uliponiuliza nilikuwa wapi Jumamosi mchana hata nisipokee simu yako, nikakujibu kwamba nilikuwa uwanjani naitazama Bishop Auckland, ulicheka ukasema, "Mama, yaani uko Uingereza, halafu unakwenda kuangalia timu ya mchangani?" Sikukasirika. Najua wewe ni mtoto wa Manchester United tangu ulipojifunza kusimama, na jezi nyekundu umeivaa mpaka ikapauka. Lakini neno lako limenikaa moyoni, kwa kuwa klabu hiyo unayoiita ya mchangani ndiyo waliyoiendea Manchester United siku walipokuwa hawana watu wa kuwavalisha jezi.

Bishop Auckland ni mji mdogo wa Durham, kaskazini-mashariki mwa Uingereza, na jina lake limetokana na maaskofu wa Durham ambao kwa karne nyingi walikuwa na ngome yao hapa. Klabu inahesabu umri wake tangu mwaka 1886, na asili yake ni vijana waliokuwa wakisomea uchungaji katika ngome hiyo, waliotoka vyuo vikuu vya Oxford na Cambridge. Oxford huvaa buluu iliyokolea na Cambridge buluu ya maji, basi wakazichanganya, na mpaka leo timu inavaa rangi hizo mbili. Watu waliojaza viwanja miaka iliyofuata, hata hivyo, hawakuwa wanafunzi wa dini. Walikuwa wachimbaji wa makaa ya mawe, kwani eneo lote hili lilikuwa la migodi, na mtu aliyeshinda chini ya ardhi wiki nzima aliisubiri Jumamosi mchana kama mtu aliyefunga Ramadhani anavyousubiri mwandamo wa mwezi. Usidhani ni mji huu peke yake uliokuwa hivyo. Kijiji jirani cha West Auckland kilipeleka timu Turin, Italia, mwaka 1909 kushindania kombe la Sir Thomas Lipton, kikalitwaa. Kikarudi mwaka 1911 na kuwafunga Juventus mabao 6 kwa 1.

Jambo moja ulielewe vizuri, maana bila hilo mengine hayatakuingia. Zamani soka la Uingereza liligawanyika kati ya wachezaji wa kulipwa na wachezaji wa ridhaa, yaani wasiopokea mshahara wa mpira, na hawa wa ridhaa walikuwa na kombe lao la taifa lililochezwa mpaka mwaka 1974, mwaka ambao Chama cha Soka kilifuta tofauti hiyo katika vitabu vyake. Wazee wanasema kwamba katika klabu nyingi za ridhaa mchezaji aliweza kukuta noti chache ndani ya viatu vyake baada ya mechi, na sioni sababu ya kukuficha hilo. Hata hivyo, kombe lilikuwa kombe kwelikweli, na Bishop Auckland walilichukua mara 10, wakapoteza fainali nyingine 8. Hakuna klabu iliyowafikia. Katika ligi yao ya kaskazini, iliyoanzishwa mwaka 1889, wamekuwa mabingwa mara 19, na huko nako hawana mwenzao.

Pale ninapofanya kazi ya kuwahudumia wazee kuna baba mmoja ambaye ndiye aliyenitia mapenzi haya. Nilipofika mara ya kwanza nilikuwa simwelewi kabisa, maana lafudhi ya Durham ni Kiingereza kingine, naye alikuwa mtu wa kunyamaza. Siku moja nilipokuwa nikimpangia kabati nikakuta mkebe wa biskuti, na ndani yake kuna kijitabu cha mechi ya fainali ya mwaka 1954, kingo zake zimelika, na juu ya ukurasa wa majina ya wachezaji kuna alama za penseli. Akanyoosha mkono nimpe. Akaniambia alama zile ni za mkono wa marehemu baba yake, mchimba makaa, aliyekwenda Wembley pamoja na watu wengine 100,000 kuwatazama Bishop Auckland wakicheza na Crook Town, mji ulio maili chache tu kutoka hapa. Fikiria, mwanangu: miji miwili midogo ya wachimba makaa imesafiri mpaka London kupambana mbele ya watu laki moja! Wakatoka sare ya 2 kwa 2. Wakarudiana Newcastle, wakatoka tena 2 kwa 2. Mechi ya tatu, Middlesbrough, Crook wakashinda bao 1 kwa 0. Yeye alikuwa na umri wa miaka 10 wakati huo, na anasema njia nzima ya kurudi nyumbani baba yake hakusema neno.

Lakini msimu uliofuata mambo yakageuka. Kwanza, katika Kombe la FA lenyewe, linalochezwa pia na klabu kubwa za kulipwa, Bishop Auckland waliwafunga Crystal Palace 4 kwa 2 ugenini, wakaenda Ipswich, klabu ya daraja la pili, wakatoka sare ya 2 kwa 2, wakawaleta hapa na kuwafunga 3 kwa 0. York City ndio waliowatoa katika raundi ya nne. Kisha wakarudi Wembley, wakawafunga Hendon 2 kwa 0 na kuchukua kombe la ridhaa la 1955, wakalichukua tena 1956 mbele ya Corinthian-Casuals, na tena 1957 mbele ya Wycombe Wanderers. Miaka mitatu mfululizo. Langoni alikuwa Harry Sharratt, ambaye husimuliwa kwamba siku moja ya theluji, mpira ulipokuwa haufiki upande wake, alijijengea mtu wa theluji kwenye mstari wa goli. Na kiongozi wao alikuwa Bob Hardisty, kiungo ambaye mzee wangu akimtaja huketi wima kitandani. Hardisty alikuwa katika timu ya Uingereza kwenye Olimpiki ya London ya mwaka 1948, na kocha wa timu hiyo alikuwa Matt Busby, meneja wa Manchester United. Jina hilo unalijua wewe kuliko mimi.

Tarehe 6 Februari 1958, habari yake pia unaijua: ndege iliyokuwa ikiwarudisha Manchester United kutoka Belgrade ilianguka Munich ilipokuwa ikijaribu kuruka. Watu 23 walipoteza maisha, 8 kati yao wachezaji. Busby alilala hospitalini kati ya kufa na kupona, na msaidizi wake Jimmy Murphy, ambaye hakuwemo safarini kwa sababu alikuwa na timu ya taifa ya Wales, akabaki na klabu yenye msiba na ratiba ya mechi isiyosubiri mtu. Wachezaji wa akiba walipandishwa timu ya kwanza, na nafasi zao huko chini zikabaki wazi. Ndipo watu watatu wa Bishop Auckland wakaenda Manchester kusaidia: Derek Lewin, Warren Bradley na Hardisty mwenyewe, ambaye alikuwa amekwisha kustaafu na alikuwa ametimiza miaka 37 wiki hiyohiyo ya ajali. Akavaa viatu tena, akacheza timu ya akiba pamoja na vijana walioweza kuwa wanawe.

Hapo ndipo ninapotaka utulie kidogo, mwanangu. Hawakuitwa kwenda kupata utukufu wala kupigwa picha. Waliitwa kwenye nyumba yenye matanga, wakaenda kama jirani anavyokwenda kuchota maji na kupika, ili wenye msiba wapate nafasi ya kulia. Nimewahi kukuona ukiwa umevaa jezi yako siku ya kumbukumbu ya Munich, ukitaja majina ya marehemu mmoja mmoja bila kukosea, nami nikajivunia. Ningependa majina haya matatu nayo uyajue.

Bradley alibaki. Alikuwa mwalimu, winga mfupi mwenye mbio, na hakuacha kufundisha hata alipoanza kulipwa na United. Mwaka 1959 aliitwa timu ya taifa ya Uingereza, akafunga bao katika mechi yake ya kwanza dhidi ya Italia. Alicheza mechi 3 kwa jumla. Baadaye akawa mwalimu mkuu.

Miaka iliyofuata haikuwa mizuri hapa. Migodi ilifungwa, watu wakapungua viwanjani, na kombe lililowapa jina likafutwa. Uwanja wao wa zamani wa Kingsway, waliokuwa wakitumia pamoja na klabu ya kriketi, ulikuwa na upande mmoja usio na jukwaa kwa sababu huko ndiko kriketi ilikochezwa. Katika miaka ya 1990, fedha zilipoadimika, Manchester United walikuja kucheza mechi ya kirafiki kuwachangia, na kila ninapolisikia hilo hufurahi kwa niaba yako, kwa kuwa timu yako haikusahau. Mwaka 2001 waliondoka Kingsway, na kwa karibu miaka kumi klabu yenye makombe 10 ya taifa ilikuwa ikicheza mechi za nyumbani kwenye viwanja vya majirani. Mzee wangu hasemi mengi kuhusu miaka ile. Mwaka 2010 ndipo walipopata uwanja wao mpya, Heritage Park, pembezoni mwa mji.

Huko ndiko nilikokuwa Jumamosi. Wachezaji wa sasa hupewa malipo kidogo ya mpira na wana kazi zao nyingine za wiki. Ukisimama kando ya uzio unamsikia kipa akipanga mabeki wake kwa majina, na mpira ukitoka nje unaurudisha wewe mwenyewe kwa mkono. Winga wa upande wangu alinishukuru, akiita "asante, kipenzi," kwa lafudhi ile ambayo sasa naielewa. Baridi ilikuwa kali, nikanywa chai ya maziwa kwenye kikombe cha karatasi. Tulifungwa. Jioni nilipita kazini japo haikuwa zamu yangu, nikamsimulia mzee mechi yote dakika kwa dakika, naye akafumba macho akisikiliza, mara kwa mara akiniuliza mpira ulitoka upande gani.

Nimekununulia skafu ya buluu mbili. Itakuja na mama mmoja wa Muheza anayesafiri mwisho wa mwezi. Nenda ukaipokee mwenyewe, usimtume mtu. Msalimie bibi yako sana.

Mama yako akupendaye